Ndoo ya dagaa, mshipi mtupu: uchambuzi wa kisa cha diko moja la Kilwa

Kaskazi inapotulia na bahari kulala, kwenye madiko mengi, yaani fukwe za kushushia samaki, kuanzia Somanga hadi Mikindani hurudi ugomvi uleule. Wavuvi wa mshipi wanasema dagaa wanakombwa hadi nguru hana cha kula. Wenye ringneti, wavu wa kuzungusha unaofungwa chini kwa pete, wanajibu kwamba dagaa hawaishi, ukivua leo kesho wapo. Kisa kinachochambuliwa hapa kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia kwenye madiko hayo, kwa hiyo diko lenyewe halitajwi, na hesabu zilizomo ni za mfano. Kila diko liweke zake.

Diko liko kati ya mdomo wa mto na mwamba, na nyuma yake kuna mikoko. Wenyeji wana mitumbwi na ngalawa kama arobaini, kazi yao mshipi, madema na pweza. Kaskazi ikianza, boti tatu za ringneti zinakuja dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi, na kukaa hadi masika. Kila boti ina mabaharia ishirini na kitu, mitumbwi miwili ya taa na jenereta. Zinavua usiku wa giza, na wakati wa mbalamwezi zinapumzika kwa kuwa taa haina nguvu mbele ya mwezi. Alfajiri dagaa wanapigwa mnada, akina mama wanachemsha na kuanika, mzigo mkavu unapakiwa lori kwenda Dar es Salaam, na mwingine unavuka mpaka kwenda Zambia na Kongo.

Giza la pili, yaani kipindi cha pili cha usiku usio na mwezi, lilipokwisha, wavuvi wa mshipi waliitisha kikao cha BMU, kikundi cha wanadiko cha kusimamia rasilimali za uvuvi. Nguru na kolekole walikuwa wamepungua, na waliopatikana walikuwa wembamba. Mzee mmoja wa ngalawa alimwambia nahodha wa boti: "Mwanangu, unachota chakula cha samaki wangu, kisha unaniuliza mbona mshipi hauna kitu." Nahodha akajibu kwa adabu: "Mzee wangu, dagaa huyu nisipomvua, baada ya miezi michache anakufa mwenyewe humo humo." Kauli zote mbili zina ukweli ndani yake, na ndiyo maana kikao hakikuisha.

Nani anakula nini

Jina dagaa linabeba samaki wengi. Ndoo moja ya pwani hii inaweza kuwa na uono, dagaa mchele, dagaa papa, na pia watoto wa samaki ambao si dagaa kabisa. Uono ana mwili unaoangaza, na ubavuni mstari wa fedha kama utepe. Anakula planktoni, yaani vijimea na vidudu vidogo vinavyoelea majini, na maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja au miwili. Anapevuka mapema na kuzaa mara nyingi. Hapo nahodha amesema kweli: samaki wa namna hii anastahimili kuvuliwa kuliko chewa anayehitaji miaka kabla ya kuzaa.

Lakini kufa kwa dagaa baharini si hasara. Anakufa tumboni mwa mwingine. Kanuni ya kukadiria ni kwamba kilo kumi za chakula hujenga takriban kilo moja ya mwili wa mlaji. Nguru wa kilo 5 amekula kama kilo 50 za samaki wadogo na ngisi hadi kufikia hapo. Jodari, kolekole, mzia, pomboo na membe wote wanakula meza hiyo hiyo. Hao membe ndio mvuvi wa mshipi anaowafuata kwa macho, kwa sababu wanapojitupa majini pana dagaa, na chini ya dagaa pana nguru.

Maji ya pwani yetu pia si tajiri kama wengi wanavyodhani. Mkondo wa Ikweta ya Kusini unavuka Bahari ya Hindi na kugonga pwani ya Afrika maeneo ya Mtwara na Rasi Delgado, kisha unagawanyika. Mkono mmoja unapanda kaskazini kupita Lindi, Kilwa na Mafia mwaka mzima. Ni maji ya buluu, yenye joto, yenye rutuba kidogo. Rutuba inayolisha dagaa inaletwa kwa sehemu kubwa na midomo ya mito: Ruvuma, Lukuledi, Mbwemkuru, Matandu, Rufiji. Ndiyo sababu dagaa hujikusanya karibu na mito na mikoko, mahali palepale ambapo watoto wa samaki wengine wanalelewa.

Nchi zenye dagaa wengi kuliko sisi zimeshaona mwisho wa kuvua bila kipimo. Peru mwaka 1970 ilivua zaidi ya tani milioni 12 za anchoveta, dagaa wa kule. Joto la bahari liitwalo El Niño la 1972 lilipowakuta samaki wamekwisha kukamuliwa, mwaka 1973 hazikufika tani milioni 2. Namibia ilimaliza saradini wake miaka ya 1960 na 1970, na nafasi yao ikajazwa kwa sehemu kubwa na konyeza, ambao ni samaki wachache tu wanaowala. Mwaka 2011 watafiti waliolinganisha ndege wa baharini katika sehemu mbalimbali za dunia walionyesha kwamba samaki wadogo wakishuka chini ya theluthi moja ya wingi wao wa juu, ndege wanaanza kushindwa kulea makinda. Mwaka uliofuata jopo la wanasayansi chini ya Ellen Pikitch lilikadiria kuwa samaki wadogo wanaobaki majini kama chakula cha samaki wengine wana thamani karibu mara mbili ya wale wanaouzwa wenyewe.

Hata hivyo Kilwa si Peru. Kule samaki wa aina moja au mbili wanabeba bahari nzima. Huku aina ni nyingi, na nguru akikosa uono anageukia vibua au ngisi. Kwa hiyo malalamiko ya "amekosa chakula" hayawezi kukubaliwa wala kukataliwa kwa maneno. Inabidi kufungua ndoo, na kufungua matumbo.

Kilichokuwa ndani ya ndoo

Sampuli inachukuliwa mnadani kabla chochote hakijachambuliwa. Katika kila boti chagua ndoo tatu: ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho kushushwa, maana samaki hujipanga ndani ya wavu na ndoo moja inadanganya. Koroga, chota kopo la lita moja kutoka kila ndoo, mwaga kwenye turubai nyeupe iliyolowa, kisha tenganisha kwa mkono. Mizani ya jikoni na rula vinatosha. Rudia kwa usiku nne za giza hilo, kwa kuwa usiku mmoja hauna ushahidi.

Kwenye turubai kazi ni ya macho. Uono anajulikana kwa utepe wake na mdomo unaofika nyuma ya jicho. Dagaa papa ni mpana, tumbo lake lina ukingo wa magamba makali unaokwaruza kidole ukikipitisha kutoka mkiani kwenda kichwani. Halafu kuna samaki wa sentimita 8, mgongo wa kijani-buluu, mwili wa duara kuliko dagaa, na karibu na mkia vipezi vidogo vilivyojipanga kama meno ya msumeno. Huyo si dagaa. Ni kibua mchanga, ambaye huanza kuzaa akifika karibu sentimita 20. Akichemshwa na kukaushwa pamoja na wenzake, hakuna mnunuzi anayemtofautisha.

Tuseme kilo moja ina gramu 700 za uono, 150 za dagaa papa, 120 za vibua wachanga, na zinazobaki ni ngisi wadogo na vitoto vya samaki wa mwambani. Boti imeshusha ndoo 60 za kilo 20, jumla kilo 1,200. Vibua wachanga ni kilo 144, na kwa kuwa mmoja ana gramu 5 hivi, ni samaki 28,800 kwa usiku mmoja. Wakikauka wanatoa kama kilo 36 za mzigo wa daraja la chini. Wangeachwa, na kwa makisio ya chini mmoja tu kati ya kumi akafika gramu 100, zingekuwa kilo 288 za vibua wa kuuza wabichi, na zaidi ya elfu ishirini na tano wengine wangekuwa wamelisha nguru.

Matumbo yalisema hivyo hivyo. Nguru ishirini wa mshipi walipasuliwa, wakaandikwa urefu, uzito na kilichokutwa ndani. Tahadhari mbili hapa: samaki aliyenaswa hutapika mara nyingi, kwa hiyo tumbo tupu si dalili ya njaa, na chambo cha mvuvi mwenyewe kisihesabiwe. Kipimo bora cha njaa ni unene, maana nguru wa sentimita 90 anatakiwa kuwa na kilo 5 hivi, na akiwa na 4 kuna shida. Ndani ya matumbo yenye chakula, vibua wachanga na ngisi walizidi uono.

Hapo kesi ikageuka. Mzee alikuwa sahihi kwamba wavu unachota chakula cha samaki wake, ila chakula chenyewe si kile alichokitaja. Nahodha alikuwa sahihi kuhusu uono, lakini sehemu kubwa ya madhara ilikuwa kwenye gramu 120 ambazo hakuzihesabu kuwa kitu.

Kwa nini vibua wachanga waliingia

Jibu la haraka linalotolewa mikutanoni ni macho ya wavu: wapanue. Kwa kisa hiki jibu hilo halifanyi kazi. Nyavu za dagaa zina macho ya milimita 8 hadi 10, na kibua mchanga ni mkubwa kuliko uono. Jicho litakalomwachia kibua limekwisha kuwaachia dagaa wote. Kinachowatenganisha ni mahali na wakati.

Boti zilikuwa zinawasha taa ndani ya ghuba, upande wa mdomo wa mto, kwa sababu huko mafuta yanatumika machache na bahari ni shwari. Taa inavuta planktoni, planktoni inavuta dagaa, na watoto wa samaki wanaolelewa kwenye nyasi bahari na mikoko nao wanatoka. Ukisubiri saa nyingi na taa kali, unakusanya ukoo mzima. Zaidi ya hapo, wavu unaoning'inia mita 30 ukizungushwa kwenye maji ya mita 15 unafagia chini: risasi na pete zinakwaruza matumbawe, kamba inakwama, wavu unachanika. Nusu ya muda wa kushona nyavu ufukweni ilitokana na hilo.

Makubaliano ya kwanza ya kikao yalisema "boti zisivue karibu na mwamba". Hayakumaliza wiki mbili. Usiku hakuna anayejua karibu ni wapi, na kila nahodha ana karibu yake. Makubaliano ya pili yaliandikwa kwa bildi, kamba ya kupimia kina: hakuna kuzungusha wavu penye kina kisichofika pima 28, karibu mita 50, maji yakiwa yamekupwa. Kamba ina risasi ya kilo moja, fundo kila pima moja na kitambaa chekundu kila pima kumi, na mtumbwi wa taa unapima kabla ya kuwasha. Kiwango cha BMU kisilegeze kile cha Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 na marekebisho yake. Ofisa uvuvi wa wilaya ndiye wa kulisoma hilo kabla kijiji hakijapitisha sheria ndogo. Upande wa Mtwara, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, kuna masharti ya hifadhi ya kufuata kwanza.

Likaongezwa jaribio la kopo. Wavu ukishafungwa chini lakini samaki bado wanaogelea kwa nafasi, baharia anachota kwa kimia na kujaza kopo la lita moja. Vibua wachanga wakizidi watano, kamba ya maboya inazamishwa upande mmoja na wote wanaachiwa. Hii ifanyike mapema. Samaki hawa wakishabanwa hadi maji yanachemka kwa mapezi, magamba yanatoka, na ukiwaachia wanaelea wamekufa. Utakuwa umepoteza mzigo na samaki pia.

Ufukweni ndiko kulikovuja zaidi

Jambo ambalo halikutajwa kwenye malalamiko yoyote ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote: dagaa waliokwisha vuliwa walikuwa wanaoza. Kumtoa dagaa mdomoni mwa nguru na kumtupa mchangani ni dhuluma kwa mvuvi wa mshipi, kwa mama anayechemsha na kwa bahari yenyewe.

Dagaa wa taa anavuliwa tumbo likiwa limejaa. Vimeng'enya vya chakula hicho vinaendelea na kazi baada ya kufa, na kwenye joto la nyuzi 30 matumbo huanza kupasuka ndani ya saa chache. Dagaa aliyepasuka tumbo hawi safi tena hata umfanye nini. Kwa uono, dagaa papa na vibua kuna hatari nyingine, histamini, ambayo ikishajijenga ndani ya nyama haitolewi kwa kuchemsha wala kukausha, na mlaji anawashwa mwili na kuumwa kichwa. Kwa hiyo mzigo ufike sufuriani ndani ya saa nne tangu wavu kufungwa, au uwekwe barafu humo botini, kilo kwa kilo.

Kuchemsha: kilo moja ya chumvi kwa maji ya lita 20, yachemke kwa nguvu kabla ya kutumbukiza tenga. Usijaze tenga. Ukizidisha, maji yanapoa na dagaa wanapikika nje huku ndani wabichi, kisha siku ya pili wanatoa harufu. Dakika mbili hadi tatu zinatosha. Jicho likiwa jeupe, toa. Maji yakiwa mazito ya kijivu, badilisha. Acha wachuje robo saa, ndipo uwatandaze kwenye chanja ya urefu wa kiuno, safu moja, kilo 4 hivi kwa mita ya mraba.

Hesabu iliyofungua macho ni ya chanja. Jua likiwa la wastani, dagaa wanakaa juu yake siku mbili. Ndoo ya kilo 20 inahitaji mita 5 za mraba, na kwa kuwa kesho kuna ndoo nyingine kabla hiyo haijashuka, inahitaji 10. Diko lilikuwa na mita 400, yaani uwezo wa ndoo 40 kwa usiku. Boti tatu zilikuwa zinashusha 180. Ndoo 140 zilikuwa zinaenda mchangani, na zikinusurika mvua zinauzwa kwa bei ya chakula cha kuku, mchanga ukisaga meno ya anayejaribu kuwala.

BMU ikaamua ndoo zifuate chanja. Kila boti ndoo 25 kwa usiku, jumla 75, na matajiri, yaani wenye boti, wachangie chanja za kutosha kufika mita 750. Miti iwe ya mivinje au mianzi na juu nyavu chakavu; si mikoko, maana huko ndiko vibua na changu wanakolelewa. Anayetaka kushusha ndoo moja zaidi ajenge mita 10 kwanza.

Je, inalipa? Ndoo 75 ni kilo 1,500 mbichi, na kwa kuwa kilo nne mbichi hutoa moja kavu, ni kilo 375 za daraja la kwanza. Ndoo 180 ni kilo 900 kavu, lakini 200 tu ndizo safi. 700 za mchangani zikiuzwa kwa theluthi ya bei ni sawa na kilo 233 safi. Jumla 433. Kwa hiyo katika siku za jua tupu, kuvua kwingi bado kunatangulia kwa fedha za mnadani, na matajiri hawakukosea kulisema. Ila 433 hizo zimekula kuni, chumvi na vibarua mara mbili na zaidi, na mvua ya usiku mmoja inafuta kilo 700 zote. Mwezi wa Machi, mawingu ya masika yakianza kukusanyika, hakuna tajiri aliyebishana tena na hesabu hiyo.

Kazi ya kuandika walipewa akina mama wa chanja. Kila ndoo inapita mikononi mwao, na wao ndio wanaopata hasara vibua wachanga wakichanganyika, kwa kuwa hukauka kwa kasi tofauti na kuharibu mzigo. Daftari lina safu tano: tarehe, boti, ndoo, pima iliyotajwa na nahodha, na idadi ya vibua wachanga katika kopo. Pima ikiwa 28 na kopo lina vibua ishirini, ama pima ama kopo, kimoja kinadanganya, na doria ya BMU inajua iende wapi usiku unaofuata.

Lililobaki wazi ni kusi. Upepo ukikaza kati ya Juni na Agosti, nje ya mwamba hakukaliki, na boti ndogo za wenyeji wenye nyavu za dagaa zinashawishika kurudi ghubani. Kuna pendekezo la kuifunga ghuba kwa taa zote miezi hiyo mitatu na kuacha mshipi na madema tu. Wenye boti ndogo wanaomba waachiwe usiku sita kila giza, kwa ajili ya kitoweo na chambo, na jaribio la kopo litumike hata kwao. Chambo hicho ndicho wavuvi wa mshipi wanachonunua kila asubuhi, kwa hiyo safari hii pande zote mbili zinakwenda kikaoni zikiwa na daftari moja.